Nyumbani inakubali, mgahawani inakataa: jibu kuhusu handaki la SSH

Swali la msomaji: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, nakaa Tabata, naandaa mishahara ya kampuni moja ya Arusha. Mfumo wao wa mishahara unafunguka kutoka anwani ya intaneti ya nyumbani kwangu tu, kwingine kote unakataa. Lakini siku nyingi nashinda mjini kwa wateja wengine, na nikipata nafasi nakaa kwenye mgahawa mmoja wa Mikocheni wenye Wi-Fi ya bure. Nimesoma kwamba kwa SSH naweza kupitisha brauza yangu kwenye kompyuta ya nyumbani. Mdogo wangu aliniwekea Ubuntu kwenye kompyuta ya zamani, nikaandika ssh -D 1080 pamoja na anwani 192.168.1.15. Nikiwa sebuleni inakubali. Nikiwa mgahawani inakaa kimya weee, halafu inaandika Connection timed out. Nimekosea wapi? Na hii njia inanilinda kweli?"

Jibu:

Dada yangu, umenisaidia sana kwa kuninakilia maneno yenyewe ya kwenye skrini. Wengi huniandikia "imegoma" tu, nami nabaki kupapasa. SSH, yaani programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia iliyofungwa, ikigoma hukwambia imegomea wapi. "Connection timed out" maana yake umebisha hodi na hakuna aliyeitika: ama mlango haupo hapo ulipobisha, ama kuna ukuta katikati unaomeza hodi zako. "Connection refused" ni jambo jingine: umefika kwenye mashine, nayo imejibu kwamba kwenye poti uliyobisha (mlango wenye namba) hakuna anayepokea wageni. "Permission denied" ndiyo afadhali ya zote, maana umefika, umesikilizwa, kilichobaki ni ufunguo. Wewe uko kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo usiguse ufunguo, usibadilishe neno la siri, usianze kusanikisha Ubuntu upya. Tatizo liko njiani.

Na njiani penyewe ni hapa: 192.168.1.15 ni anwani ya ndani ya nyumba yako. Ni kama kumwambia bodaboda "chumba cha tatu mkono wa kushoto" bila kumtajia mtaa. Ukiwa tayari sebuleni, maelekezo hayo yanatosha. Ukiwa Mikocheni, laptopu yako inakitafuta chumba cha tatu humohumo mgahawani, kwa sababu ruta ya mgahawa nayo hugawa namba za aina hiyohiyo. Ikitokea mteja wa meza ya pili amepewa 192.168.1.15, utakuwa unabisha hodi kwake. Kumbuka hilo, nitalirudia mbele.

Kabla ya kulitafuta geti la kweli, tuelewane handaki hili linafanya nini. Ukiandika -D 1080, laptopu yako inafungua mlango mdogo ndani yake yenyewe, kwenye anwani 127.0.0.1, poti 1080. Brauza inaingiza maombi yake humo. SSH inayafunga kwa usimbaji, inayasafirisha hadi kompyuta ya Tabata, na kompyuta hiyo ndiyo inayotoka kwenda Arusha kana kwamba wewe umeketi mbele yake. Nadhani umeona picha za mahandaki ya reli ya SGR kule Kilosa. Aliyesimama juu ya mlima haoni treni inapopita chini yake. Aliyesimama upande linakotokea anaiona yote. Handaki la SSH ni hivyohivyo: limekuhamishia mahali pa kutokea, basi. Ukilikumbuka hili moja, maswali yako mengine yatajijibu.

Sasa geti. Ukirudi nyumbani, fungua ukurasa wa ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, namba iko kwenye kibandiko mgongoni mwa ruta. Tafuta sehemu iliyoandikwa WAN, yaani upande wa ruta unaotazama nje, uisome namba iliyopo. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP ya nje. Ziweke namba hizo mbili sambamba kwenye karatasi.

Zikiwa sawa, una anwani yako mwenyewe na kazi iliyobaki ni ndogo. Iambie ruta kwamba hodi yoyote ya poti 22022 kutoka nje ipelekwe 192.168.1.15, poti 22. Hapohapo kwenye ruta, ifungie kompyuta ile namba .15 isije ikapewa namba nyingine siku umeme ukikatika na kurudi. Mgahawani utaandika:

ssh -p 22022 -N -D 1080 jina@anwani-ya-nje

Herufi -N inasema "sihitaji kuandika amri huko, fungua njia tu". Kama anwani ya nje hubadilika kila ruta inapowashwa, omba kwa mtoa huduma wako anwani ya kudumu. Vifurushi vya biashara mara nyingi huwa nayo, vya nyumbani mara nyingi hulipiwa zaidi.

Zikiwa tofauti, na ile ya WAN ikaanzia 100.64 hadi 100.127, basi hakuna poti utakayofungua kwenye ruta yako ikasaidia. Namba hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Sababu ni uhaba: anwani za IPv4, hizi za namba nne zenye nukta, ni bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika linalozigawa Afrika, lilifika awamu ya mwisho ya mgao Januari 2020. Kwenye intaneti ya simu hali hii ni ya kawaida kabisa, na hata kwenye faiba ya nyumbani utaikuta. Geti lenye anwani ya mtaa si lako, ni la mtoa huduma, nawe huna ufunguo wake.

Hapa naomba usome polepole, maana kuna jambo zito kuliko hilo la handaki kukataa. Kama uko nyuma ya anwani ya pamoja, basi anwani ile watu wa Arusha waliyoiruhusu kwenye mfumo wa mishahara si ya nyumba yako. Ni yako na ya majirani wengi usiowajua, na mtoa huduma anaweza kukuhamishia nyingine bila kukupa taarifa. Wao wanaamini wamefungulia mlango mtu mmoja. Waambie ukweli huo hata kama utaghairi mambo ya SSH kabisa. Taarifa za mishahara ya watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye dhamana nazo anapaswa kujua kufuli lake likoje.

Njia ya kuzunguka ukuta huo ipo. Unakodi seva ndogo, kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote, yenye anwani ya kudumu, halafu kompyuta ya nyumbani ndiyo inayopiga kwenda kwenye seva, kwa sababu kutoka nje inaruhusiwa hata kama kuingia hairuhusiwi. Ni handaki la kinyume:

ssh -N -R 2222:localhost:22 jina@seva

Kisha wewe ukiwa mgahawani unapita kwenye seva na kuingia nyumbani:

ssh -N -D 1080 -J jina@seva -p 2222 jina@localhost

Uzuri wa -J ni kwamba usimbaji unaanzia kwenye laptopu na kuishia Tabata. Seva ya katikati inabeba mzigo uliofungwa, haioni kilichomo. Kwa mtu anayehitaji kweli kutokea nyumbani kwake, hii ndiyo njia, na programu iitwayo autossh itakusaidia kuliinua tena handaki kila linapoanguka.

Lakini kwa hali yako nisingeishia hapo. Ukishakodi seva yenye anwani ya kudumu isiyogawanwa na mtu, kwa nini tuizungushe safari hadi Tabata? Waombe Arusha waruhusu anwani ya seva hiyo, waifute ya nyumbani, nawe uelekeze -D moja kwa moja kwenye seva. Kompyuta ya nyumbani itoke kwenye hesabu. Najua uliniuliza habari za nyumbani, na kama ruta yako ina anwani yake mwenyewe, baki nyumbani kwa amani, ni bure na ni yako. Ila ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja, nyumbani panakuwa kituo cha ziada chenye umeme wa kukatika. Ukikodi, kodi karibu: Dar au Nairobi. Seva ikiwa Ulaya, kila ombi linavuka bahari kwenda na kurudi, zaidi ya milisekunde 100, ndipo lianze safari ya Arusha. Na Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, sote tuliona ilivyo kutegemea kila kitu kipite huko.

Tuje kwenye kufuli, mahali ambapo ningependa uwe mkali kuliko kote. Mara tu poti inapofunguka kwa dunia, wageni wanafika. Hawakutafuti wewe, ni programu zinazopapasa kila anwani iliyopo usiku na mchana. Kompyuta yangu ya kwanza niliyoifungulia hivi niliiacha ikipokea neno la siri, nikalala. Asubuhi nikafungua kumbukumbu zake kwa journalctl -u ssh, nikakuta mistari imefuatana kama mchanga: Failed password for invalid user admin, halafu test, halafu oracle, halafu pi, kila sekunde chache mwingine, usiku kucha. Hakuna aliyeingia. Lakini niliyatazama majina yale nikajua siku moja mmoja wao angelipata lile neno, maana wao hawachoki. Siku hiyohiyo nikazima maneno ya siri, sijayarudisha tena.

Fanya hivyo kabla ya kugusa ruta. Kwenye laptopu (Windows 10 tangu 2018, na Windows 11, zina SSH ndani yake) andika ssh-keygen -t ed25519, na likiuliza neno la kuulinda ufunguo, liweke. Yatatokea mafaili mawili. Lile lenye .pub ndilo la kupeleka kwenye kompyuta ya nyumbani, hata kwa flashi, uliongeze ndani ya faili la ~/.ssh/authorized_keys. Lile jingine lisilo na .pub halitoki kwenye laptopu: halitumwi WhatsApp, haliwekwi kwenye barua pepe. Jaribu kuingia ukiwa sebuleni. Ikishakubali kwa ufunguo, fungua /etc/ssh/sshd_config uweke PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no, uiwashe upya huduma ya SSH, kisha ujaribu tena kwenye dirisha jingine kabla hujafunga lile la kwanza. Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayowafungia nje ya mashine zao wenyewe. Ukikodi seva, mambo ni hayohayo.

Nilisema nitaurudia mfano wa mteja wa meza ya pili. Mara ya kwanza unapoingia kwenye mashine, SSH hukuonyesha alama yake, mstari wenye neno SHA256, na kukuuliza kama unaiamini. Karibu kila mtu anaandika yes bila kusoma. Usifanye hivyo mgahawani. Kaa mbele ya kompyuta ya nyumbani, andika

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

nakili mstari huo kwenye daftari, na ile mara ya kwanza iwe ya kuoanisha herufi kwa herufi. Baada ya hapo laptopu itaikumbuka alama yenyewe. Siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya watu ukaona maandishi makubwa ya REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED, nawe hukubadilisha kitu nyumbani, funga laptopu. Kuna uwezekano mtu amesimama katikati akijifanya kompyuta yako. SSH ilizaliwa kwa ajili ya balaa la namna hii: mwaka 1995 Tatu Ylönen wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki aliitengeneza baada ya mtu kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi kwenye mtandao wa chuo.

Brauza sasa. Tumia Firefox, na ningekushauri ufungue wasifu wa pembeni kwa kazi hii tu, usichanganye na brauza yako ya kila siku. Kwenye mipangilio ya mtandao chagua kujaza proksi kwa mkono. Nafasi ya HTTP iache tupu, ujaze ile ya SOCKS: 127.0.0.1, poti 1080, toleo la v5. Halafu weka alama kwenye kisanduku kinachosema DNS nayo ipite kwenye SOCKS v5. Ukikisahau kisanduku hicho, kurasa zitapita kwenye handaki lakini laptopu itakuwa inauliza majina ya tovuti kwa sauti pale mgahawani, na mwenye Wi-Fi atajua unakwenda wapi hata kama haoni unachofanya. Fungua ile tovuti ya kuonyesha IP: ikitokea namba ya nyumbani, uko tayari.

Ujue pia kisichopita humo. Ni brauza hiyo tu uliyoielekeza. WhatsApp ya kwenye laptopu, masasisho ya Windows, programu ya barua pepe, vyote vinatoka moja kwa moja kupitia mgahawa. Simu za video nazo hazifai, kwa sababu -D inabeba mawasiliano ya aina ya TCP pekee, na simu hizo hupendelea aina nyingine, UDP. Ukitaka laptopu nzima ipite, hiyo ni kazi ya WireGuard, programu ya VPN iliyoingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2020 na inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko SSH. Kwa mfumo mmoja wa mishahara ndani ya brauza, SSH inatosha.

Kuhusu kulindwa, sitakudanganya. Mfumo wako wa mishahara ukianza na https, yaliyomo tayari yamefungwa hata bila handaki. Handaki linaongeza mambo mawili pale mgahawani: anayesimamia Wi-Fi haoni majina ya tovuti zako, na aliyeweka Wi-Fi ya bandia yenye jina la mgahawa hapati pa kuchezea. Baada ya kutokea Tabata, mambo ni yaleyale ya siku zote: mtoa huduma wa nyumbani anaona kile anachokiona ukiwa nyumbani, tovuti inakujua kama inavyokujua. Na kama kompyuta ile ya zamani haijasasishwa tangu mdogo wako alipoiweka, basi umelipeleka handaki zuri kwenye nyumba isiyo na komeo. Iingize sudo apt update na sudo apt upgrade kwenye ratiba yako kama unavyoingiza LUKU.

Kasi utaiona tofauti. Ukipakua faili la MB 50 mgahawani, linaingia Tabata kwanza, kisha linatoka Tabata kuja kwako. Kwa hiyo kinachokubana ni kasi ya kupakia ya nyumbani, namba ambayo matangazo ya vifurushi huitaja kwa maandishi madogo kama huitaja. Na kama nyumbani unatumia kifurushi cha kuhesabiwa, MB 50 hizo zinakatwa 100. Kwa fomu za mishahara hutasikia uzito. Kwa video utausikia.

Umeme ukikatika, ruta ikirudi na kompyuta isiporudi, utakuwa Mikocheni na handaki la upande mmoja. Kwenye BIOS ya kompyuta ile, yaani mipangilio yake ya kabla Ubuntu haijawaka, tafuta mpangilio wa kuwaka yenyewe umeme unaporudi. Halafu izuie isilale:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Kama una laptopu kuukuu ambayo betri yake bado inakaa hata nusu saa, afadhali hiyo iwe mashine ya nyumbani. Betri yake inaizuia isizimike ghafla, na inakula umeme kidogo kuliko kompyuta ya mezani.

La mwisho ni ruhusa. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, kwa msingi wa Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020. Handaki la SSH si VPN kwa jina, lakini sikushauri ujikinge kwa jina. Kazi yako ni halali na ina mwajiri: waombe Arusha wakuandikie barua pepe kwamba wanajua na wameruhusu uingie kwa njia hii, kutoka anwani gani, na kwa mfumo upi. Mtu wao wa TEHAMA akikwambia hapana, hapana hiyo uiheshimu, kwani kufuli ni lao.

Kwa hiyo Jumamosi hii anza na karatasi ile ya namba mbili, ya WAN na ya nje, kabla ya jambo lolote. Nitumie sehemu mbili za mwanzo tu za kila namba, zile nyingine uziache kwako. Zikianza na 100 na kitu kati ya 64 na 127, ruta iache kama ilivyo, uwapigie Arusha Jumatatu asubuhi.